Tusinunue Majalada

Kila ufikapo mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, meza za vitabu pale Darajani huzungukwa na wazazi kutoka asubuhi hadi adhana ya alasiri. Ni jambo la kutia moyo. Mzazi anayetoa shilingi yake kwa ajili ya kitabu, hali ya kuwa nyumbani mchele umekwisha, anastahili heshima ya kila mmoja wetu. Lakini furaha hiyo ina dosari, nayo ndiyo tunayotaka kuieleza leo bila ya kuificha: fedha nyingi inayolipwa kwenye meza zile hainunui elimu. Inanunua majalada.

Msimu uliopita alitufikia ofisini mzee mmoja, mkulima wa karafuu wa Pemba, amekuja Unguja kumtazama binti yake anayesoma Kidato cha Nne. Mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi, na ndani yake miongozo mitatu ya somo la Kiswahili. Akasema, "Ndugu Katibu, nitazamieni vitabu hivi mnambie kama nimeliwa." Tukaviweka mezani, tukavifungua kimoja baada ya kimoja. Viwili vya kwanza vilikuwa na majina mbalimbali, rangi mbalimbali na waandishi mbalimbali, lakini ndani yake mlikuwa na maneno yale yale, hata neno lililokosewa herufi katika kimoja lilikosewa vivyo hivyo katika cha pili. Cha tatu kilichambua riwaya na tamthiliya ambazo nyingi hazikuwamo katika orodha aliyopewa binti na mwalimu wake. Fedha ile mzee aliitenga kwa ajili ya bati.

Tukamwambia, "Mzee wetu, umeliwa." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Basi mimi ningejuaje?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Hatukuwa na jibu la haraka, na kwa hakika tuliona haya, kwani sisi ambao kazi yetu ni kusimama mbele ya wananchi na kuwahimiza wasomeshe watoto hatujapata hata siku moja kuwaambia jinsi ya kukipima kitabu kabla ya kukilipia.

Yafaa ieleweke tulikotoka. Zamani vitabu vya shule vilitoka mlango mmoja. Taasisi ya Serikali iliandika, mashirika ya umma kama vile Tanzania Publishing House, lililoanzishwa mwaka 1966, yalichapa, na shule zikagawiwa. Vilikuwa vichache mno. Baadhi yetu tulisoma watano kwa kitabu kimoja, na aliyekaa katikati ndiye aliyekuwa na bahati, wengine wakisoma kwa shingo. Hata hivyo hapakuwa na mzazi aliyelazimika kujiuliza kama kitabu alichoshika mwanawe ni cha kweli au cha kubuni. Mwaka 1991 sera mpya ya vitabu huko Bara ikawafungulia mlango wachapishaji binafsi. Na kwa kuwa mtihani wa Kidato cha Nne ni mmoja kwa pande zote mbili za Muungano, kilichochapwa Dar es Salaam asubuhi kikawa kinapakiwa botini na kuteremshwa Malindi jioni. Vitabu vikawa vingi, na wingi ule ni neema. Lakini pamoja na neema ile wakaingia watu walioona kwamba hofu ya mzazi juu ya mtihani ni bidhaa kama bidhaa nyingine yoyote.

Wala muhuri wa idhini peke yake hautoshi. Mwaka 2013 huko Bara ilivunjwa kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu vya shule, EMAC, baada ya Bunge kuelezwa makosa yaliyojaa katika vitabu vilivyokwisha kupitishwa. Kazi ya kutayarisha vitabu vya kiada ikarudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na mwaka 2017 makosa yakaonekana tena, mara hii katika vitabu vya Taasisi yenyewe, baadhi yake vikaondolewa shuleni. Hatuyataji haya kwa ajili ya kumkebehi mtu. Tunayataja kwa sababu, ikiwa chombo chenye wataalamu na wahariri hukosea, tutazamie nini kwa mwongozo ulioandikwa na mtu mmoja chumbani, ukachapwa wiki ile ile, usiopitiwa na jicho la pili?

Lakini hatuko pamoja na wale walimu wanaosema kuwa miongozo yote ipigwe marufuku. Mwalimu asemaye hivyo aghalabu yuko mjini, penye walimu wenziwe kumi. Mtoto wa Kojani au wa Tumbatu ambaye somo la fizikia halina mwalimu kwa muhula mzima, mwongozo mzuri ndio mwalimu wake wa usiku. Tumeiona miongozo ya namna hiyo. Hesabu hufanywa hatua kwa hatua, haikurukwa hata mstari mmoja. Mwandishi humwonesha mwanafunzi mahali ambapo wengi hujikwaa, kama vile kuchanganya tungamo na uzito, akaandika kilogramu panapotakiwa nyutoni. Na kila baada ya kurasa chache humrejesha kwenye kitabu cha kiada akasome sura fulani kabla hajaendelea. Mwongozo kama huo unastahili bei yake, na kama fedha ipo usiachwe dukani.

Mbaya ni ule unaompa mtoto majibu ya kumeza. Tuchukue riwaya ya Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1978 na ambayo inazungumza habari za visiwa hivi hivi. Kuna vitini vinavyouzwa ambavyo humweleza mwanafunzi Kijakazi kwa mistari miwili: ni mtiifu, ana imani kipofu kwa bwana wake, anawakilisha tabaka la wanyonge. Mistari hiyo si ya uongo. Lakini anayeijua kwa moyo bila ya kuisoma riwaya hawezi kujibu anapoulizwa kwa nini mtu anayeteswa ampende anayemtesa, wala hajui kwamba swali hilo ndilo linaloibeba riwaya nzima. Na mtoto wa Unguja ana bibi nyumbani aliyesikia kwa mama yake habari za mashamba na mabwana shamba! Mwongozo mwema ungemwambia: soma sura hii, kisha kamuulize bibi. Kitini kinamwambia: andika pointi nne.

Matokeo yake yanaonekana. Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, na humo kuna maneno yanayorudiwa hata yakachosha: watahiniwa hawakuelewa matakwa ya swali. Mtoto amebeba jibu kutoka nyumbani, akaliweka chini ya swali ambalo si lake.

Sasa turudi kwenye swali la mzee. Ningejuaje?

La kwanza, na hili halihitaji kisomo kikubwa, ni kukifungua kitabu mahali penye jambo ambalo sisi wenyewe tunalijua, kisha tuone mwandishi anasemaje. Mkulima yule hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini karafuu anazijua kuliko profesa. Angefungua kitabu cha jiografia au cha historia palipoandikwa habari za karafuu. Ikiwa kitabu kinasema kuwa karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Unguja, akirudishe mezani, hakuna haja ya kuendelea. Ikiwa kinasema hutoka Pemba, kimepata alama moja. Na ikiwa kinaeleza sababu, ya kwamba kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote na kuisalimisha kwa sehemu kubwa ile ya Pemba, hapo ajue kuwa mwandishi alikaa akasoma kabla ya kuandika. Mama anayelima mwani Paje atafute palipoandikwa mwani. Mvuvi atafute kusi na kaskazi, aone kama mwandishi anaujua mwezi zinapogeuka. Kila mmoja wetu ana kipande cha dunia anachokijua kwa mikono yake, na kipande hicho kinatosha kuwa mizani. Mwandishi anayedanganya katika lile unalolijua, huna sababu ya kumwamini katika lile usilolijua.

La pili ni umri wa kitabu. Mwaka uliochapwa mbele haukidhi haja, kwani wapo wanaochapa upya jalada na kuandika "toleo jipya" bila ya kugusa hata nukta ndani. Yapo mambo machache ya kukamatia. Kitabu kinachohesabu sayari tisa kimelala tangu mwaka 2006, pale wanajimu wa dunia walipoitoa Pluto katika hesabu hiyo. Kinachosema Sudan ndiyo nchi kubwa kuliko zote katika Afrika kimelala tangu mwaka 2011, Sudan Kusini ilipojitenga, na sifa hiyo ikenda Algeria. Kinachosema Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wanachama watano au sita hakijapata habari za Kongo, iliyoingia mwaka 2022, wala za Somalia, iliyokamilisha uanachama wake mwaka 2024. Kinachoitaja mikoa ya Tanzania kuwa ni 30 hakijausikia Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016. Dakika tatu za kusimama mezani zinatosha kuyatafuta haya, na muuzaji akinung'unika, muulizeni, ndugu yetu, unauza kitabu au unauza siri?

Zaidi ya hayo, mitaala yenyewe inabadilika. Bara ilianza kutumia mitaala mipya mwaka 2024, na hapa kwetu mabadiliko yanakwenda ngazi kwa ngazi. Kwa hiyo mzazi asiondoke nyumbani bila ya karatasi ya mwalimu wa somo, yenye jina la kitabu, la mwandishi na la darasa. Mzee wetu angekuwa na karatasi hiyo, mwongozo wa tatu usingemhadaa.

La tatu ni kumjua mwandishi. Hapa tunakumbuka chuoni. Sisi tuliosomeshwa Kurani kabla ya kujua kuandika majina yetu kwa herufi za kirumi, tulimsikia maalim kila anapofungua kitabu akitaja kwanza aliyemsomesha kitabu hicho, na aliyemsomesha huyo mwalimu wake, mpaka majina yakatuchosha sisi watoto na tukaanza kusinzia. Hatukujua wakati ule kwamba tunafundishwa jambo kubwa. Wanazuoni wa hadithi, akina Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hawakukubali neno kwa uzuri wake. Waliuliza limepokewa kwa nani, naye alipokea kwa nani, na je, alikuwa mkweli na mwenye kumbukumbu nzuri. Cheni ikikatika mahali, neno huwekwa kando hata likiwa tamu kama halua. Ajabu ni kwamba sisi hawa hawa, wajukuu wa elimu hiyo, twaingia dukani tukanunua kitabu kisicho na jina la mwandishi, au chenye jina lisilosema mwenyewe anafundisha wapi na amesomea nini, kisicho na anwani ya mchapishaji wala orodha ya vitabu alivyovitegemea. Kitabu cha namna hiyo hakina baba. Kuna na vile vilivyoibwa, vilivyotolewa kivuli na kushonwa upya, kurasa zimefifia na michoro haionekani. Anayevinunua anadhani ameokoa fedha, kumbe amemnyima mwandishi haki yake, haki ambayo sheria ya hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 inailinda, na mwanawe amempa mchoro wa moyo usiojulikana kama ni wa moyo au wa embe.

Kwa vitabu visivyo vya shule, vya historia, vya wasifu na vya siasa, mizani ni hiyo hiyo lakini inataka subira zaidi. Historia ya visiwa hivi imeandikwa na wengi, na wengi wao wana upande. Sisi hatuogopi vitabu vyenye upande, na hatupendi tabia ya baadhi ya wenzetu ya kukilaani kitabu kabla ya kukisoma. Tunachotaka ni mwandishi aoneshe alikolitoa neno lake. Profesa Abdul Sheriff alipoandika juu ya watumwa, karafuu na pembe za ndovu katika kitabu chake cha mwaka 1987, aliweka tanbihi ambazo msomaji anaweza kuzifuata mpaka kwenye nyaraka zenyewe, na mtu akipenda kubishana naye anajua pa kuanzia. Hilo ndilo tunaloliita kitabu cha kununuliwa, ukikubaliana nacho au usikubaliane nacho. Chukueni hata jambo dogo kama mwaka ambao Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja. Vitabu vingine husema 1832, vingine 1840. Kitabu kinachotaja mmoja na kupita kinafaa kwa kujibu swali la mtihani; kinachoeleza kwa nini wanahistoria wametofautiana kinafaa kuwekwa rafuni nyumbani. Na kile kinachodai kufichua "siri zote za Mapinduzi" bila ya kumtaja hata shahidi mmoja, bora fedha hiyo mtu anunulie pweza.

Vile vitabu vya kufundisha utajiri kwa siku 30, vilivyotafsiriwa kwa haraka kutoka lugha nyingine, hatutavizungumzia. Aliyetajirika kwavyo ni mmoja, naye ni aliyeviuza.

Hadi hapa tumesema na mzazi. Sasa tuseme na wenzetu walio serikalini, kwani si haki kumwachia mkulima kazi ya kupima vitabu peke yake, kana kwamba nchi haina wataalamu.

Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila ya malipo, na tangazo lile ndilo lililowaingiza shule wazee wetu, na sisi baada yao. Leo ada haipo, lakini mzazi anayelazimika kununua mwongozo kwa sababu kitabu cha kiada hakikumfikia mwanawe, huyo analipa ada kwa mlango wa nyuma, tena anailipa kwa mlanguzi. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali inalijua hili. Taasisi ya Elimu Zanzibar inao wakuza mitaala wenye uwezo wa kuufungua mwongozo na kuuhukumu katika siku moja. Kwa nini basi hukumu hiyo haimfikii mwananchi? Hatuombi miongozo ipitishwe au ikataliwe kwa amri. Tumeona hapo juu kuwa muhuri si kinga. Tunaomba orodha fupi, ya kurasa mbili, kwa kila darasa la mtihani: vitabu gani vinafuata muhtasari wa sasa, vipi vimepitwa, na vipi vina makosa na makosa yenyewe ni yapi.

Kuna na mali ya umma iliyolala. Zile taarifa za Baraza la Mitihani tulizozitaja, pamoja na fomati za mitihani na mitihani ya miaka ya nyuma, zimewekwa katika mtandao wa intaneti, hazina malipo. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba ya mtandaoni ya vitabu vyake. Tumeona kwa macho yetu miongozo inayouzwa ambayo nusu yake ni maswali hayo hayo ya Baraza, yamenakiliwa na kutiwa jalada la kung'ara. Mzazi wa Micheweni asiye na simu ya kisasa ananunua kitu ambacho Serikali imekwisha kukitoa bure. Ofisa wa elimu wa wilaya mwenye mashine ya kuchapa angeweza kuyatoa maandishi hayo, akayafunga kwa uzi, akapeleka nakala moja kila skuli na moja kwa kila sheha. Gharama yake ni rimu chache za karatasi. Tunawajua maofisa wanaotumia karatasi zaidi ya hizo kwa kadi za mialiko.

Na maktaba zetu, ile kuu ya Maisara na ile ya Chake Chake, ziwe mahali pa kupimia vitabu. Nakala moja ya kila mwongozo unaouzwa katika visiwa hivi iwekwe pale, juu ya meza ya peke yake, ili mzazi au mwanafunzi apite autazame kwa utulivu kabla hajaenda dukani. Walimu wastaafu, ambao wengi wao twawaona barazani wakicheza bao, waombwe kuandika maoni yao kwa mkono na kuyapachika ndani ya kitabu: ukurasa wa 14 hesabu imekosewa, sura ya tatu nzuri sana, usinunue kama unacho kile cha zamani. Hawatadai posho kubwa. Wengine hawatadai chochote, watafurahi kuulizwa.

Binti wa mzee yule, kwa habari tulizozipata, aliazima riwaya zote kwa mwalimu wake, akawa anazisoma kwa zamu na wenziwe wanne. Ile miongozo miwili iliyofanana walimpa mwenye duka wakitaka arejeshe fedha ya mmoja. Alikataa. Alisema majalada ni tofauti.

Januari nyingine haiko mbali. Orodha tunayoiomba ikiwa itatoka, itoke Disemba, ibandikwe kwenye ofisi za masheha, bandarini Malindi na Mkoani, na kwenye milango ya maduka yenyewe kwa ridhaa ya wenyewe. Ikitoka Februari itakuwa imekuta fedha imekwisha kulipwa.